LUGHA NI NUSU YA UUGUZI

Tarehe 13 Septemba 2024 Serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba juu ya uhamiaji na ajira. Haukupita muda zikaenea habari kwamba Ujerumani imekubali kuwapokea Wakenya 250,000. Serikali ya Ujerumani ilikanusha na kueleza kwamba mkataba ule hautaji idadi yoyote. Lakini ukanusho ulipokuwa ungali ukitafuta makasia, uvumi ulikuwa umekwisha kutweka tanga.

Wauguzi wa Unguja na Pemba wanayo haki ya kuuliza kama bahari hiyo inapitika kwao pia, na wazee wao wanayo haki ya kujua watoto wao wanaitwa kwenda kufanya nini. Yafaa basi jambo hili lielezwe kwa utulivu, pasipo kumtia mtu tamaa wala kumvunja moyo.

Kwanza ni kweli kwamba kazi zipo. Idara ya Takwimu ya Ujerumani ilitoa makadirio yake Januari 2024. Mwaka 2019 nchi ile ilihitaji wauguzi na walezi wa wazee wapatao milioni 1.62, ifikapo 2049 itawahitaji milioni 2.15. Upungufu utakaotokea unakadiriwa kuwa baina ya watu 280,000 na 690,000. Sababu yake si siri. Watu wa nchi ile wanazeeka, watoto wanaozaliwa ni wachache, na wauguzi wenyewe nao wanastaafu. Taifa tajiri limejikuta lina vitanda, lina dawa na lina mitambo, bali halina mikono ya kutosha ya kumgeuza mzee kitandani.

Mlango huo, hata hivyo, una kizingiti, nacho ni lugha ya Kijerumani. Makala haya yanakusudia kueleza kizingiti hicho kina urefu gani, kimewekwa kwa sababu gani, na ni nani apasaye kubeba gharama ya kukivuka.

SHERIA INAVYOSEMA

Katika Ujerumani uuguzi ni taaluma inayolindwa na sheria. Sheria ya Taaluma za Uuguzi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inakataza mtu yeyote kujiita muuguzi kamili pasipo kibali cha serikali. Anayekitaka kibali hicho hutakiwa kutimiza mambo manne: awe amehitimu mafunzo, awe mwaminifu asiye na hatia inayomwondolea sifa ya kazi, awe na afya inayomwezesha kuifanya, na awe anaijua lugha ya Kijerumani kwa kiwango ambacho kazi yenyewe inakihitaji. Ujerumani ina majimbo 16, na mamlaka za majimbo hayo, wala si Serikali Kuu, ndizo zinazotoa kibali.

Muuguzi aliyesomea nchi za nje hulinganishwa na yule aliyesomea huko. Mafunzo ya Ujerumani ni ya miaka mitatu, yenye saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazi hospitalini na katika nyumba za wazee. Vyeti vya mwombaji, pamoja na orodha ya masomo na saa alizosoma, hutafsiriwa kwa Kijerumani na mfasiri aliyeapishwa, kisha vikapimwa kwa kipimo hicho. Ikionekana pana tofauti kubwa, mwombaji huambiwa achague moja kati ya mawili: afuate mafunzo ya nyongeza, au afanye mtihani wa mdomo na wa vitendo. Muuguzi aliyesomea katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa kawaida hutambuliwa mafunzo yake moja kwa moja, kwa mujibu wa agizo la Umoja huo la mwaka 2005.

Lakini katika sharti la lugha hapana upendeleo. Mreno na Mromania hutakiwa kujua Kijerumani sawasawa na Mpemba. Hili ni jambo la kulitia maanani, maana wako wanaodhani kwamba sharti hilo limetungwa ili kumzuia Mwafrika.

Kiwango chenyewe hupimwa kwa ngazi sita zilizowekwa na Baraza la Ulaya. A1 na A2 ni ngazi za mwanafunzi anayeanza. B1 na B2 ni za mtu anayejitegemea katika mazungumzo. C1 na C2 ni za mjuzi. Muuguzi kwa kawaida hutakiwa afikie B2, na katika baadhi ya majimbo hutakiwa pia afanye mtihani wa lugha ya uuguzi wenyewe. Daktari hudaiwa zaidi, kwani lugha yake ya utabibu hupimwa kwa ngazi ya C1. Mtu wa B2 anaweza kufuata hoja ngumu, kuzungumza na mwenyeji bila ya mmoja wao kutaabika, na kuandika maelezo yaliyo wazi. Bado si mshairi wa Kijerumani, bali si mgeni wa kushikwa mkono tena.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Tangu tarehe 1 Machi 2024 sheria ya Ujerumani inaruhusu mtu aliyehitimu mafunzo ya angalau miaka miwili kwao, mwenye mkataba wa kazi na mwenye Kijerumani cha ngazi ya A2, aingie nchini na kuanza kazi huku akishughulikia kutambuliwa kwa vyeti vyake, kwa maafikiano baina yake na mwajiri. Wasikiao nusu ya habari husema kwamba siku hizi A2 yatosha. Sivyo. A2 inatosha kuingia; haitoshi kuwa muuguzi. Viza si kibali cha taaluma. Mpaka atakapofikia ngazi inayotakiwa na kupewa kibali, mtu huyo ni msaidizi wa wauguzi, na mshahara wake ni wa msaidizi, hata kama kwao alikuwa akiongoza wodi nzima.

KWA NINI ULIMI UPIMWE

Wako watakaosema kwamba uuguzi ni kazi ya mikono na moyo, na kwamba sindano haina kabila wala lugha. Maneno hayo ni matamu lakini si ya kweli. Mikono ni nusu ya uuguzi. Nusu ya pili ni lugha.

Mgonjwa hazungumzi kwa lugha ya vitabu. Mzee wa Makunduchi akilazwa hasemi tu kwamba ana maumivu ya tumbo. Husema tumbo linasokota, au linakata, au linawaka moto, au limejaa. Muuguzi aliyelelewa na Kiswahili husikia neno moja na akajua aanze kutazama wapi. Mjerumani naye ana maneno yake ya maumivu yanayochoma kama sindano, yanayounguza, yanayobana na yanayovuta. Kifua kinachobana, na kifua kinachochoma pale mtu anapovuta pumzi, vyaweza kuwa dalili za maradhi mawili mbalimbali. Muuguzi asiyeyatenganisha maneno hayo hana la kumwambia daktari litakalomfaa mgonjwa.

Tena wagonjwa wengi wa huko ni wazee, na mzee huzungumza kama walivyozungumza wazazi wake. Kijerumani cha vijiji vya Bavaria si kile cha darasani, kama vile Kikae cha Makunduchi kisivyo Kiswahili cha redioni. Aliyepoteza kumbukumbu kwa ajili ya uzee mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utoto wake, na hapo muuguzi hana budi kuokota maana katika vipande vya maneno.

Ziko pia hesabu. Katika Kijerumani tarakimu husomwa kwa kuanza na mamoja kabla ya makumi. Hamsini na nne ni vierundfünfzig, yaani nne na hamsini. Wazee wetu waliokuwa wakisema khamsa wa ishirini hawangelistaajabu, lakini kijana wa leo aliyezoea ishirini na tano anaweza kuandika 45 pale alipotajiwa 54. Sokoni kosa kama hilo ni hasara ya pesa. Wodini, daktari anapotaja kipimo cha dawa kwa simu usiku wa manane, ni hatari ya roho. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nao hawakuwa wakifikiria wodi ya wagonjwa, lakini maneno yao yanaingia humo barabara.

Kuna na maandishi. Muuguzi wa Ujerumani huandika kila zamu hali ya mgonjwa, dawa aliyopewa, kidonda kilivyo, maji aliyokunywa na jinsi alivyolala. Na lisiloandikwa huhesabiwa halikutendeka. Sheria ya 2020 imeongeza uzito huo kwa kuweka kazi tatu ambazo hapana mwingine aruhusiwaye kuzifanya isipokuwa muuguzi mwenye kibali: kuamua mgonjwa anahitaji uuguzi wa namna gani, kuupanga na kuuongoza uuguzi huo, na kuupima na kuulinda ubora wake. Kazi zote tatu hufanywa kwa kusikiliza, kuuliza, kusoma na kuandika. Pasipo lugha, hakuna hata moja inayowezekana.

Mwishoni iko heshima. Kijerumani kina neno moja la kumwita rafiki na mtoto, du, na jingine la kumwita mtu mzima usiyemzoea, Sie. Mzee wa miaka themanini aliyevuliwa nguo ili aoshwe na mgeni amebakiwa na stara moja tu, nayo ni jinsi anavyosemeshwa. Sisi watu wa shikamoo na marahaba hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Tunachohitaji kufundishwa ni neno lake tu.

Kwa sababu hizo zote, kudai kwamba sharti la lugha liondolewe ni kudai kwamba mgonjwa ahatarishwe ili mfanyakazi apate nafuu. Hakuna muuguzi mwenye kiapo chake atakayelitaka hilo. Linaloweza kulaumiwa kwa haki ni jambo jingine. Vyeti vingi vya B2 hupima lugha ya jumla, kama vile kuandika barua rasmi au kutoa maoni juu ya jambo la kijamii. Kukipata cheti hicho hakumaanishi kwamba mtu ataelewa zamu inapopokezwa alfajiri kwa maneno ya mkato. Kwa hiyo cheti ni mwanzo wa mafunzo ya lugha, na mwajiri anayekichukulia kuwa ni mwisho wake anamdhulumu muuguzi na mgonjwa pamoja.

KIJERUMANI SI MLIMA USIOPANDIKA

Asiwepo mtu wa visiwani atakayeogopeshwa na jina la lugha hiyo. Mwana wa Unguja alikwisha kuishika kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa 1844, aliolewa Aden mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete, akaenda Hamburg mwaka huo huo akiwa mtu mzima, akafiwa na mumewe mwaka 1870 akabaki na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Alijifunza Kijerumani kutoka mwanzo, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kilitoka kwa lugha hiyo hiyo.

Mkondo huo haukwenda upande mmoja tu. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin skuli ya lugha za Mashariki, ambamo maofisa waliokuwa wakitumwa Afrika ya Mashariki walifundishwa Kiswahili. Na katika miaka ya 1890 mmoja wa walimu wao alikuwa Amur bin Nasur, mtu wa Unguja. Wakoloni wale, pamoja na mabaya yao, walifahamu kwamba mtu hawezi kuendesha kazi baina ya watu asioelewa maneno yao. Na waliondoka wakiacha maneno. Hela tunayoitafuta sote ilitokana na sarafu yao ya heller, na ndugu zetu wa Bara walichukua kwao neno shule wakati sisi tukibaki na skuli ya Mwingereza.

Kwa hiyo swali la kama Mzanzibari anaweza kujifunza Kijerumani lilikwisha kujibiwa zamani. Swali lililobaki ni la muda na fedha.

GHARAMA YA ULIMI

Taasisi ya Goethe, inayofundisha lugha hiyo duniani na yenye tawi Dar es Salaam, inakadiria kwamba mtu huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 ili kufikia B2 akianzia mwanzo. Mwenye kusoma vipindi kumi kila wiki bila ya kukosa hata kimoja atatumia wiki 60 hadi 80, ambao ni zaidi ya mwaka mmoja na pengine mwaka na nusu. Mtihani wa taasisi hiyo una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu hutakiwa alama 60 kati ya 100. Aliyeanguka katika kusikiliza hawezi kuokolewa na alama zake za kusoma.

Sasa tumfikirie muuguzi wa Wete au wa Kivunge. Anafanya zamu za usiku, ana watoto, ana wazee wanaomtegemea. Masomo yake ya uuguzi ameyapata kwa Kiingereza, wagonjwa wake anawahudumia kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa ajenge lugha ya tatu ya kazi. Akitaka kusoma au kutahiniwa Dar es Salaam itambidi alipe ada, nauli ya boti na malazi, na siku asizokwenda kazini zina hesabu yake pia. Huyo ndiye ambaye uchumi wa Ujerumani unamngoja. Je, ni haki yeye ndiye awe mfadhili wa hospitali za Ulaya?

Wajerumani wenyewe wamekwisha kukiri kwamba si haki. Tangu 2013 Idara yao ya Ajira, pamoja na shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, GIZ, imeendesha mpango uitwao Triple Win, ambao umewachukua wauguzi kutoka nchi kama Ufilipino, Tunisia, Indonesia na jimbo la Kerala la India. Katika mpango huo muuguzi huanza kufundishwa lugha akiwa bado kwao, na waajiri ndio wanaochangia gharama. Tena tangu 2022 Serikali ya Ujerumani hutoa alama maalumu ya uajiri wa haki katika uuguzi kwa mawakala na waajiri wanaokubali kwamba gharama za kumwajiri muuguzi ni juu ya mwajiri, si juu ya muuguzi. Anayemtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi hastahili alama hiyo.

Hayo yanaonyesha kwamba njia ya haki inajulikana. Lakini palipo na njia ya haki pana na vichochoro. Wapo mawakala katika dunia hii wanaomlipia mtu masomo ya lugha kwa mkataba wenye kifungu kidogo kilichofichwa nyuma, kwamba akiacha kazi kabla ya miaka kadhaa atarudisha fedha zote. Muuguzi anayelipwa kama msaidizi kwa sababu hajafikia B2, na asiyeweza kuondoka kwa sababu ana deni la masomo ya B2, amefungwa kwa kamba ya pande mbili. Mkataba wa lugha asiyoijua mtu asiutie saini. Autafsirishe kwanza, aulize, auonyeshe kwa mwenye elimu ya sheria.

WAJIBU WA SERIKALI

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri wafanyakazi wa afya baina ya nchi na nchi, ili mataifa tajiri yasikaushe hospitali za mataifa maskini. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi wa afya. Tanzania imo katika orodha hiyo, na jirani zetu wa Komoro wamo, Kenya haimo. Kanuni za ajira za Ujerumani nazo zinaagiza kwamba katika nchi zinazolindwa namna hiyo, kazi ya kutafuta wauguzi na kuwaunganisha na waajiri ifanywe na Idara ya Ajira ya Serikali ya Ujerumani peke yake. Muuguzi hakatazwi kuomba kazi mwenyewe kwa hiari yake. Wakala binafsi ndiye asiyeruhusiwa kuja kuvua katika bahari yetu.

Watendaji wetu wa Serikali wanapaswa kulijua jambo hili na kulitangaza. Mtu akifungua ofisi Darajani au Chake Chake na kuchukua fedha za wauguzi kwa ahadi ya kazi za Ujerumani, swali la kwanza la kumwuliza ni sheria gani inayomruhusu. Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambalo ndilo linalojua nani ni muuguzi, ndilo linalofaa kuwa mahali ambapo kila muuguzi anaweza kuuliza kabla hajatoa hata senti moja.

La pili ni mapatano. Ikiwa siku moja Serikali zetu zitakaa mezani na Wajerumani juu ya wauguzi, sharti la lugha lisiachwe kuwa la mwombaji peke yake. Liandikwe kwamba masomo ya kufikia B2 yatatolewa nyumbani, kabla ya safari, kwa gharama ya upande unaohitaji, na kwamba muuguzi atalipwa posho wakati anaposoma. Anayewasili na B2 huanza kama mtaalamu, au hukaribia kuwa hivyo. Anayewasili na A2 huanza kama mtumishi. Tofauti ya ngazi hizo mbili ni tofauti ya heshima ya Mzanzibari katika nchi ya watu. Na iandikwe pia kwamba kwa kila muuguzi anayeondoka pawepo mchango wa kumfundisha mwingine wa kushika nafasi yake, kwani hakuna cheti cha lugha kitakachomfariji mama wa Micheweni aliyefika kujifungua akakuta zamu haina mkunga.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Sheria ya Ujerumani imetukumbusha kwamba kueleweka ni haki ya mgonjwa. Haki hiyo haikuumbwa kwa ajili ya Mjerumani tu. Visiwa vyetu vimepokea madaktari wa nje kwa miaka mingi. Wachina wamekuwa wakija kwa zamu tangu 1964, wakihudumia Unguja na Pemba, na wanastahili shukrani zetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, na katika jambo hili methali imekuwa kweli tupu. Lakini mgonjwa wa Mkoani anastahili kueleweka sawasawa na mgonjwa wa Munich. Ikiwa Ulaya inaona kwamba miezi kadhaa ya kujifunza lugha ni sehemu ya matibabu, nasi tusione haya kumwekea kila mtaalamu mgeni mafunzo ya Kiswahili kabla hajaingia wodini, na mkalimani aliyefunzwa lugha ya tiba pale muda usipotosha. Kiswahili kilifundishwa Berlin zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hakishindwi kufundishwa kwao kilikozaliwa.

Kwa vijana wanaokusudia safari hii tuna neno moja. Kijerumani mtakachojifunza msikifanye kuwa nauli ya kupandia ndege, mkakiacha uwanjani. Kwa Kijerumani hicho bibi kizee wa Leipzig au wa Köln, msiyemjua wala asiyewajua, atawaambia mahali panapouma; na kwa hicho mtaweza kumtetea mbele ya daktari, na kujitetea wenyewe mbele ya mwajiri. Muuguzi aliyefika na ulimi wake kamili hatumwi kufua mashuka wakati anajua kusoma mapigo ya moyo. Anakaa katika nafasi yake, anaandika jina lake chini ya ripoti ya zamu, na anayelisoma jina hilo atajua kwamba ametoka visiwa vya watu wanaojua kusema na wagonjwa.